Kilwa Mbele ya Meza Nne

Mhadhara wa wazi, Kasomeno, Haut-Katanga



Wenyeji wa Kasomeno mnaijua njia panda hii kuliko mimi. Dereva akifika hapa lazima achague: aende Kasenga na mto Luapula, au aelekee Kilwa na Pweto. Niliombwa nizungumze juu ya sheria ya kimataifa, na nadhani walionialika walitazamia nianze La Haye. Huko tutafika. Naanza na Kilwa kwa sababu ni jirani, na kwa sababu tukio lake la siku chache limepita mbele ya meza nne za wakubwa, Afrika na Amerika, na kila meza ikaona kitu chake.

Kwanza mambo yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha watu wenye silaha kiliingia Kilwa na kutangaza kwamba kinaikomboa Katanga. Kiongozi wao, Alain Kazadi Makalayi, alikuwa kijana. Wakaaji wengi wakakimbia, wengine porini, wengine ziwani kuelekea Zambia. Kesho yake brigedi ya 62 ya jeshi la taifa, chini ya kanali Adémar Ilunga, ikaurudisha mji bila kupambana sana. Kilichofuata ndicho kilichobaki midomoni mwa watu: msako wa nyumba kwa nyumba, watu kufungwa na kupigwa, mali kuporwa, na wengine kupelekwa Nsensele, nje kidogo ya mji, na kupigwa risasi. Wachunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walihesabu waliokufa wasiopungua 73, na kati yao 28 ilionekana waliuawa bila hukumu yoyote.

Karibu na Kilwa, kiasi cha kilomita 50, palikuwa na mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, mali ya Anvil Mining, kampuni yenye mizizi Australia na Kanada. Madini ya Dikulushi yalishuka Kilwa na kuvushwa ziwa Mweru kwa pontoni. Kwa hiyo bandari ikifungwa, mgodi nao umefungwa. Magari ya kampuni yalibeba askari, na ndege iliyokodiwa na kampuni iliwaleta askari kutoka Pweto. Mashahidi walisema kwamba magari hayohayo yalibeba pia maiti na vitu vya wizi. Kampuni haikukana kwamba magari yalitumika. Ilisema serikali iliyachukua kwa amri na yenyewe haikuwa na la kufanya.

Juu ya hayo niliyoyasimulia hapakuwa na ubishi mkubwa sana. Ubishi ulikuwa juu ya swali. Sisi wanasheria tunapenda kujionyesha kama watu wanaobishania jibu, tukisimama na majoho yetu na kunukuu vifungu. Lakini mara nyingi mambo mazito yamekwisha kuamuliwa kabla wakili wa kwanza hajafungua kinywa: nani anaulizwa, juu ya kitendo gani, kuanzia saa ngapi, na nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Ukishakubali swali lilivyopangwa, umebakiwa na nafasi ndogo ya kujitetea. Mwenye kupanga swali anajua hivyo, na ndiyo maana hakuachii ulipange wewe.

Meza ya kwanza ilikuwa Washington, na haikuwa ya mahakama. Katika mwaka huohuo wa 2004, kabla ya mauaji, shirika la Benki ya Dunia linalotoa dhamana kwa wawekezaji, MIGA, lilikubali kuudhamini mradi wa Dikulushi kwa dola milioni 13.3. Dhamana hiyo ni dhidi ya kile kinachoitwa hatari za kisiasa: vita, ghasia, serikali kutaifisha mali. Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Kuna mali ya kulindwa, nayo ni mgodi. Kuna hatari, nayo inatoka kwa nchi na watu wake. Katika karatasi ya namna hiyo mkaaji wa Kilwa anaweza kuonekana kama chanzo cha hatari, au asionekane kabisa. Swali la kama mgodi wenyewe, na askari watakaoulinda, wanaweza kuwa hatari kwa mkaaji, halikupewa uzito wake. Baada ya kelele za mashirika, kitengo cha Benki ya Dunia kinachopokea malalamiko kilifanya ukaguzi na kuona kwamba MIGA haikuchunguza vya kutosha mambo ya usalama na haki za binadamu. Ukaguzi ulikuwa wa kweli, nami nausifu. Ila ulikuja maiti wakiwa wamekwisha zikwa.

Meza ya pili ilikuwa kwetu, Lubumbashi. Hapa nitakaa kidogo.

Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga, na ikaanza kusikilizwa Desemba 2006. Walioshtakiwa ni askari, pamoja na kanali wao, na watu watatu waliokuwa wafanyakazi wa Anvil, kwa tuhuma ya kusaidia uhalifu wa kivita. Ilikuwa jambo jipya katika nchi yetu kuona watu wa kampuni ya kigeni wakiitwa na oditora, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi, kujibu mashtaka makubwa kiasi hicho. Watu wengi walishangilia. Mimi naona shangwe ile ilitufanya tusitazame jukwaa lenyewe. Wakati ule sheria yetu ya 2002 iliweka makosa ya namna hii mikononi mwa mahakama za kijeshi peke yake. Kwa hiyo raia waliofiwa walikwenda kuwalalamikia askari mbele ya askari. Na oditora aliyeifungua kesi alihamishwa kabla haijaisha.

Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ikasomwa. Mahakama ilisema watu wa Kilwa walikufa katika mapigano makali kati ya jeshi na waasi. Hayo tu. Hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji ya Kilwa. Kanali alihukumiwa kwa mauaji mengine, na wafanyakazi watatu wa Anvil wakaachiliwa. Louise Arbour, aliyekuwa wakati ule Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alitoa taarifa ya kueleza wasiwasi wake.

Vijana wa sheria, isomeni hukumu ile kwa makini. Haikusema kwamba watu hawakufa. Haikusema kwamba magari hayakuwapo. Ilibadilisha kitu kimoja tu, mahali pa kuweka vifo. Ukiviweka ndani ya mapigano, basi aliyekufa ni mpiganaji, au ni mtu aliyekuwa na bahati mbaya ya kupita penye risasi, na sheria ya vita inavumilia mengi. Ukiviweka baada ya mapigano, mji ukiwa umekwisha tulia na watu wamefungwa mikono, basi kila risasi ni kosa. Tofauti yote iko katika saa. Upande wa waathiriwa ulikuwa na mashahidi wa kuonyesha kwamba upinzani ulikwisha mapema. Lakini mahakama iliposimama juu ya neno mapigano, gari nalo likasafishwa: gari linalobeba askari wanaokwenda kupigana na waasi ni msaada kwa taifa, na tajiri aliyelitoa anastahili shukrani. Sogeza saa, na gari hilohilo linakuwa chombo cha uhalifu.

Niongeze jambo ambalo marafiki zangu wa mashirika hawalipendi. Huko nje kisa cha Kilwa kilisambaa kama kisa cha kampuni. Televisheni ya Australia ilitengeneza kipindi mwaka 2005, magazeti ya Ulaya yakaandika, na jina la Anvil likatangulia kila mahali. Bila hivyo nani angeijua Kilwa? Nakubali. Lakini mpangilio huo nao ulikuwa na gharama yake. Msomaji wa Sydney alibaki na picha ya kampuni na gari, na makamanda waliotoa amri wakawa kivuli nyuma ya gari. Sisi wenyewe tuliupokea mtazamo huo kwa furaha, kwa sababu ni rahisi kumsema mgeni kuliko kumtaja afande ambaye utapishana naye kesho kwenye barabara ya Likasi.

Na kuna kingine. Dunia ikisema vita vya Kongo, inaona Kivu na Ituri. Ikisema Katanga, inaona migodi. Vifo vya Kilwa vilianguka katikati. Havikuhesabika kama vita, kwa kuwa vita viko mashariki. Havikuhesabika kama habari za migodi, kwa kuwa migodi ni habari za bei ya shaba. Vilevile waliouawa kati ya Manono, Mitwaba na Pweto katika miaka ya kiongozi wa wanamgambo Gédéon Kyungu hawakupata nafasi kubwa katika ramani ya huruma ya dunia. Gédéon alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi huko Kipushi mwaka 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011. Mwulize mwanafunzi wa sheria wa Brussels kama amewahi kusikia habari ya kesi hiyo.

Meza ya tatu, Montréal. Novemba 2010 mashirika yaliungana yakaishtaki Anvil Mining katika jimbo la Québec kwa niaba ya waathiriwa. Jaji wa kwanza, Benoît Emery, aliikubali kesi mwezi Aprili 2011. Aliuliza hivi: watu hawa wakifukuzwa hapa, watakwenda wapi? Akaona kwamba Kongo na Australia hakukuwa na mlango wa kweli uliobaki. Mahakama ya rufaa, Januari 2012, ikauliza swali lingine kabisa: ofisi ya kampuni iliyoko Montréal ilihusika vipi na Kilwa? Jibu lilikuwa jepesi. Ofisi ilifunguliwa mwaka 2005, mauaji yalitokea 2004. Kesi ikafungwa, na tarehe 1 Novemba 2012 Mahakama Kuu ya Kanada ikakataa kuisikiliza.

Sitawatukana majaji wale wa rufaa. Sheria ya Québec inadai uhusiano kati ya ofisi na jambo linalolalamikiwa, na waliifuata. Ninachowaonyesha ni kwamba majaji waaminifu wawili, wakiwa na faili lile lile mkononi, wanaweza kufika mbalimbali kwa sababu mmoja ameanza kwa kumtazama mlalamikaji na mwingine ameanza kwa kutazama anwani ya mshtakiwa. Kampuni inayochimba katika nchi moja, kuandikishwa katika nchi ya pili na kukusanya fedha za wanahisa katika nchi ya tatu, ina anwani nyingi inapopokea faida. Siku ya kujibu madai kila anwani inasema jambo hilo si lake. Mwaka huohuo wa 2012 Anvil ilinunuliwa na Minmetals ya China, na jina lenyewe likafutika sokoni.

Meza ya nne ni Banjul, nchini Gambia, mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Shauri lilipelekwa huko mwaka 2010 na mashirika ya haki za binadamu: IHRDA, RAID ya Uingereza, na ACIDH ya Lubumbashi. Tume iliamua mwaka 2016 na uamuzi ukatangazwa 2017. Ilisema serikali ya Kongo imevunja Mkataba wa Afrika: haki ya kuishi, haki ya kutoteswa, haki ya mali, na nyinginezo. Iliagiza walalamikaji 8 na familia zao walipwe dola milioni 2.5, serikali iombe radhi hadharani kwa watu wa Kilwa, maiti wafukuliwe na kuzikwa kwa heshima, mnara wa kumbukumbu ujengwe, na wahusika washtakiwe, wakiwemo wafanyakazi wa kampuni.

Hapo mkaaji wa Kilwa alisikilizwa kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye haki. Lakini angalieni aliyekaa kwenye kiti cha mshtakiwa. Banjul serikali ndiyo hushtakiwa. Kampuni haiwezi kuitwa pale. Tume ililisema jukumu la Anvil waziwazi, na hilo lilikuwa ushujaa, ila fidia iliangukia hazina ya Kongo, yaani mifuko ya walipa kodi, wakiwemo wa Kilwa wenyewe. Na miaka baada ya uamuzi, mashirika yaliyowasimamia waathiriwa yalikuwa bado yakidai kwamba hakuna kilicholipwa. Kwa hiyo Lubumbashi watu binafsi waliulizwa wakaachiliwa, Montréal kampuni haikuulizwa, Banjul serikali iliulizwa ikanyamaza. Hakuna meza hata moja iliyowaita wote watatu pamoja, ingawa tarehe 15 Oktoba 2004 wote watatu walikuwa katika gari moja.

Sasa twende La Haye kama nilivyoahidi, kwa ajili ya jambo moja tu: mzigo wa kuthibitisha. Wengi wenu mnakumbuka kesi yetu dhidi ya Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tuliifungua Juni 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ikasema Uganda ilitumia nguvu kinyume cha sheria na iliikalia Ituri kwa mabavu. Miaka mingi ikapita katika mazungumzo yasiyozaa kitu, hadi tarehe 9 Februari 2022 fidia ilipopangwa: dola milioni 325. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Watu walikasirika, wakasema dunia inatudharau. Nami nilikasirika, kisha nikaisoma hukumu.

Ndani yake kuna mstari uliochorwa juu ya ramani. Kwa Ituri, mahakama ilisema: Uganda ilikuwa mkaliaji, kwa hiyo Uganda ndiyo ionyeshe kwamba madhara fulani hayakutokana na uzembe wake. Nje ya Ituri, kwa mfano Kisangani, Kongo ndiyo ilitakiwa kuthibitisha. Vita ni vilevile, jeshi ni lilelile, mama aliyefiwa analia vilevile; lakini huku anadaiwa karatasi, kule anadaiwa yule aliyemdhulumu. Nasi karatasi hatukuwa nazo. Kongo ilidai watu 180,000 waliuawa. Mahakama ilikadiria kati ya 10,000 na 15,000. Serikali ambayo haikuwaandika watu wake wakiwa hai ilipata tabu kuwahesabu wakiwa wamekufa. Na Rwanda? Kesi dhidi yake ilikufa mlangoni mwezi Februari 2006, kwa kuwa mahakama ilisema haina mamlaka juu yake. Tangu hapo nawasikia watu wakisema Rwanda ilishinda. Hakuna aliyeamua kama ilifanya au haikufanya. Swali halikuulizwa, na kutoulizwa kukageuzwa kuwa ushindi.

Nitaje pia kisa kimoja cha ardhi yetu hii, kwa kuwa kinaonyesha jinsi muda nao unavyopangwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Shilatembo, upande wa njia ya Likasi. Bunge la Ubelgiji lilipochunguza, mwaka 2001, lilisema baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na lawama ya kimaadili. Lawama ya kimaadili haina hakimu wala jela. Inatosha kuomba radhi, na radhi iliombwa mwaka 2002. Kama mauaji yale yangebaki mauaji ya kawaida, muda wa kuyashtaki ulikuwa umekwisha zamani. Familia ya Lumumba ilipopeleka malalamiko mwaka 2011, iliyaita uhalifu wa kivita, ambao hauchakai. Desemba 2012 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaruhusu uchunguzi uendelee kwa msingi huo. Na mwezi Juni 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji wakaomba Étienne Davignon, mwanadiplomasia kijana wakati wa mauaji na mzee wa zaidi ya miaka 90 ombi hilo lilipotolewa, apelekwe mahakamani. Yeye alikana. Ushahidi mwingi ulikuwa kabatini kwa miongo. Kilichoutoa ni watoto wa marehemu kukataa kuendelea na jina ambalo Ubelgiji ilikuwa imelichagua kwa ajili ya kosa lake yenyewe.

Nasikia mtu akisema: basi yote ni ufundi wa maneno, mwenye wakili hodari hushinda. Sikubali. Mpangilio wa swali una mipaka, na mipaka hiyo ni mambo yenyewe. Mahakama ya Lubumbashi iliweza kusema mapigano kwa sababu ushahidi wa saa na mahali haukuwekwa mbele yake kwa namna isiyoweza kukwepwa, katika mazingira ambapo mashahidi walikuwa na sababu ya kuogopa. Nsensele haikufukuliwa kwa utaratibu wa kitaalamu ili mifupa iseme mikono ilifungwa au la. Penye ushahidi wa namna hiyo, neno mapigano halikai.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: mkienda kuchukua maelezo ya watu, hapa au Kilwa au kwenye vijiji ambavyo barabara mpya ya kwenda Mwenda, Zambia, itavipitia, msianze na karatasi iliyotoka Genève yenye visanduku vya kujaza. Kisanduku ni swali la mtu mwingine. Anzeni na saa. Uliza jua lilikuwa wapi, risasi zilinyamaza lini, nani alifika baada ya risasi kunyamaza, kamyo ilikuwa na rangi gani na nani alikuwa kwenye usukani. Leo Kanuni ya Madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Fedha hizo zichukuliwe, zinahitajika. Ila shule iliyojengwa kama mchango wa maendeleo isije ikahesabiwa kuwa malipo ya mtu aliyeuawa. Hivyo ni vitabu viwili vya hesabu, na nimesikia watu wazito wakijaribu kuviunganisha.

Kuhusu Kilwa yenyewe, mlango mmoja bado uko wazi. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ilizipa mahakama za rufaa za kiraia mamlaka juu ya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Makosa hayo hayafutwi na miaka. Walioachiliwa mwaka 2007 wataegemea hukumu ile, na wana haki hiyo. Lakini si wote waliokuwapo Kilwa waliitwa mwaka 2007. Wako waliotoa amri, wako waliosaini karatasi za ndege, ambao hakuna hakimu aliyewahi kuwauliza lolote. Mahakama ya rufaa ya Lubumbashi iko mjini, nauli ya kufika huko mnaijua, na uamuzi wa Banjul unaweza kuwekwa juu ya faili kama ukurasa wa kwanza. Anayetaka kuuliza upya aanze na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2004, aandike saa ambayo risasi za mapigano zilikwisha, na kuanzia hapo aandike majina.